Mafahali Wawili Katika Zizi la Vumbi

Ni Januari, saa tatu za usiku, na leo nina ombi kabla sijaanza. Kama uko mahali ambapo waweza kutoka nje bila wasiwasi, beba redio yako utoke. Kama umeme umekatika mtaani kwenu, leo hiyo ni neema. Na kama huwezi kutoka, kaa ulipo, nitakuongoza kwa maneno.

Geukia kaskazini, kisha inua macho mpaka kidevu kielekee angani. Utaona kifungu cha nyota ndogondogo zilizosongamana kama vifaranga chini ya mama yao. Hicho ni Kilimia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kalenda ukutani, aliyopewa dukani pamoja na sukari, lakini shambani hakuitegemea hiyo. Alitegemea Kilimia. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: hivyo ndivyo wazee walivyosema, na jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Sasa sogeza jicho kulia, juu kidogo. Kuna nyota moja nyekundunyekundu, inayong'aa kuliko jirani zake wote. Waarabu waliiita Aldebaran, yaani yenye kufuata, kwa sababu usiku kucha hukifuata Kilimia nyuma kama ndama na mamaye. Hapo umeingia kwenye kundi la nyota ambalo watu wa falaki wa pwani yetu huliita Ng'ombe.

Nyoosha mkono, weka kidole gumba ubavuni mwa nyota hiyo nyekundu, upande wa kurudi Kilimia. Nyuma ya kidole chako, mbali sana kupita Aldebaran yenyewe, kuna nyota ambayo huwezi kuiona kwa jicho, wala kwa darubini ndogo ya kuangalia ndege mbugani. Katika orodha za wanajimu wa sayansi inaitwa GG Tau. Mwanga wake unaotufikia usiku huu uliondoka kule kati ya miaka 450 na 500 iliyopita. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, mwanga huu ulikuwa tayari njiani.

Nakupeleka kwenye nyota isiyoonekana kwa sababu ya methali. Sote tumekua tukiambiwa kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kule, ndani ya kundi la Ng'ombe, mafahali wawili wanakaa zizi moja. Zizi lenyewe ni la mviringo kamili, limejengwa kwa gesi na vumbi, na kati ya ukuta wa zizi na mafahali wenyewe kuna uwanja mpana ambao kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa mtupu. Habari yangu ya leo ni ya uwanja huo, kwa sababu si mtupu.

Tuanze na kuzaliwa. Nyota hutoka kwenye wingu baridi la gesi na vumbi. Wingu hilo hunywea kwa uzito wake lenyewe, na kwa kuwa tangu mwanzo lilikuwa na mzunguko kidogo, kadiri linavyonywea linazunguka kwa kasi zaidi, na kadiri linavyozunguka linabapa. Mwishowe unapata nyota changa katikati na sahani ya gesi na vumbi ikiizunguka. Sahani hiyo ndiyo ghala la kila kitu kitakachokuja baadaye. Jua letu lilikuwa na sahani yake miaka bilioni 4.6 iliyopita, na sisi tumetoka humo: Dunia, Mwezi, chuma cha jembe la bibi yangu, chumvi iliyo kwenye jasho lake.

Shuleni tulichorewa jua moja katikati na sayari zikilizunguka, na picha ile ikatufanya tuamini kwamba ndivyo mambo yalivyo kila mahali. Sivyo. Katika nyota zinazofanana na jua, karibu nusu zina mwenzi, na baadhi zina wenzi wawili au watatu. Hata jirani yetu wa karibu, ile nyota angavu ya kusini inayoitwa Alpha Centauri, ukiitazama kwa darubini ni nyota mbili zinazozungukana kwa muda wa miaka kama 80, na mbali kidogo iko ya tatu, dhaifu, inayofuatana nazo. Jua kukaa peke yake ni jambo la kawaida, lakini kukaa wawili nako ni kawaida vilevile.

Basi fikiria sahani ile ya gesi na vumbi, lakini katikati weka nyota mbili zinazozungukana. Nini kitatokea?

Mtu wa kwanza ungemwuliza angesema nyota mbili zina mvutano mkubwa zaidi, kwa hiyo zitavuta gesi yote ndani na kuimeza. Kinachotokea ni kinyume chake, na naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo uzuri wa jambo hili ulipo. Nyota zile ziko ndani, zinazunguka haraka. Gesi iko nje, inazunguka polepole. Kila nyota inapoipita gesi ya jirani, inaivuta mbele. Na kitu kinachozunguka, ukikivuta mbele kikapata nguvu ya ziada, hakibaki kwenye njia yake ya zamani. Kinapanda njia ya nje, iliyo pana zaidi. Kwa hiyo ni mvuto, lakini unasukuma. Watoto wanaijua siri hii kwenye bembea. Ukimsukuma mwenzako ovyoovyo, bembea haiendi popote. Ukimsukuma kila anapofika pale pale, kidogo tu, kidogo tu, baada ya muda miguu yake inapita matawi. Iko gesi ambayo mzunguko wake unaoana na mzunguko wa nyota, kwa mfano nyota zinazunguka mara tatu wakati gesi inazunguka mara moja, na gesi hiyo husukumwa pale pale kila mara. Haiwezi kudumu hapo. Inaondoka.

Mwaka 1994 Pawel Artymowicz na Stephen Lubow walizipiga hesabu hizi vizuri, wakaonyesha kwamba nyota pacha hufagia uwanja unaozizunguka, wenye upana wa mara mbili hadi tatu ya umbali uliopo kati ya nyota zenyewe, kutegemea mzunguko wao ni wa duara au umevutika kama yai. Nje ya uwanja huo gesi hujikusanya kama umati kwenye uwanja wa ngoma, pale wacheza wawili wanaposhikana mikono wakizunguka kwa nguvu na watu wakarudi nyuma, wakabanana, wakawa duara.

Mwaka huohuo wa 1994, Anne Dutrey na Stéphane Guilloteau, Wafaransa, pamoja na Mmarekani Michal Simon, walichapisha picha za duara hilo. Walikuwa wametumia masahani ya redio yaliyo juu ya milima ya Alps, kwenye uwanda wa Bure, wakaona pete ikizunguka nyota pacha za GG Tau. Ni pete kweli, yenye ukingo wa ndani na ukingo wa nje.

Nikupe vipimo vyake, na kipimo chetu kiwe umbali wa Dunia na jua, yaani kilomita milioni 150. Tuuite hatua moja. Sayari ya mwisho kwetu, Neptuni, iko hatua 30 kutoka kwenye jua. Nyota mbili kuu za GG Tau zinaonekana kutengana kwa hatua kama 35. Pete inaanzia hatua 180 na kuishia hatua 260, na nje yake gesi nyembamba inaendelea mpaka hatua 800. Ndani ya pete ile ungeweza kutandaza familia nzima ya jua letu, mpaka Neptuni, ukabakiwa na nafasi kubwa kila upande. Uzito wa gesi na vumbi lake ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jua letu zima. Hata hivyo, ukiitazama kutoka hapa, pete yote ni sawa na sarafu iliyosimamishwa umbali wa kilomita moja. Nyota zake zina umri wa miaka milioni chache tu, na kwa maisha ya nyota hao ni watoto ambao arobaini yao bado.

Pengine unajiuliza mtu anaonaje gesi baridi iliyo digrii kama 250 chini ya sifuri, gizani, umbali huo wote. Jibu ni redio, msikilizaji, na kwa hilo nakiri kwamba moyo wangu wa utangazaji unafurahi. Gesi iliyojaa kule ni haidrojeni, lakini haidrojeni katika baridi ile ni bubu. Wanasayansi humtafuta msemaji wake aliyechanganyika nayo, na msemaji huyo ni kaboni monoksidi. Unaijua hata kama jina ni geni kwako. Ndiyo gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye jiko la mkaa na kuua watu waliofunga madirisha usiku wa baridi. Nimekaa kwenye matanga ya namna hiyo, kwa hiyo nalisema hapa japo si mada: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, kamwe.

Kule angani, molekuli ya gesi hiyo ikigongwa na jirani yake huanza kujizungusha, na inapopunguza mzunguko hutoa wimbi la redio lenye urefu maalumu: milimita 2.6, au 1.3, au 0.87. Hizo ni noti zake, hazibadiliki popote ulimwenguni. Wimbi la FM linalokuletea sauti yangu lina urefu wa karibu mita tatu, kwa hiyo hayo ni ndugu zake wadogo sana. Na kama vile honi ya basi inavyosikika nyembamba likija na nzito likishakupita, noti ya gesi inayotujia hupanda kidogo, na ya gesi inayotukimbia hushuka kidogo. Kwa tofauti hiyo ndogo wataalamu wanajua gesi ipi inakwenda wapi na kwa kasi gani. Vumbi nalo lina mng'ao wake katika mawimbi hayohayo, hasa chembe za ukubwa wa punje ya ulezi. Kwa hiyo picha zinakuja mbili: ya gesi na ya vumbi. Kumbuka hizo mbili, nitazirudia.

Tatizo ni kwamba mvuke wa maji ulio katika hewa yetu hunyonya mawimbi haya. Ndiyo sababu masahani hupelekwa juu, mahali pakavu. Kubwa kuliko yote ni kundi la masahani 66 liitwalo ALMA, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, mwinuko wa mita 5,000. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro ukapumzika Kibo Hut kabla ya usiku wa mwisho, panda mita karibu 300 zaidi kutoka hapo, ndipo watu walipojenga mtambo huo. Masahani hayo huunganishwa yakafanya kazi kama sahani moja, na yanaweza kutawanywa mpaka kilomita 16 toka moja hadi jingine. Yalizinduliwa rasmi mwaka 2013, na Dutrey na wenzake nao waliyaelekeza kwa nyota yao ya tangu zamani.

Walikuwa na fumbo la muda mrefu. Nyota kubwa ya GG Tau ina sahani yake ndogo ya ndani, ya peke yake, ambayo uzito wake unakaribia wa Mshtarii. Nyota ile inaila sahani hiyo. Kasi ya kula ilijulikana, akiba nayo ilijulikana, na ukigawanya unaona kwamba sahani ilipaswa kwisha zamani sana. Ni kama kumkuta mtu ana debe moja la mahindi, unajua nyumba inakula kiasi gani kwa siku, na mwaka wa tatu debe bado halijaisha. Utauliza: nani anamletea?

Jibu likaonekana ndani ya uwanja uliodhaniwa kuwa mtupu. Kulikuwa na mabonge ya gesi kati ya pete na sahani ya ndani, na uzi wa gesi ukivuka kutoka ukutani kwa zizi mpaka kwa nyota. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature. Zizi linalisha mafahali.

Artymowicz na Lubow walikuwa wamekwisha kulitabiri hili pia, mwaka 1996, kwa hesabu. Nyota zinapozunguka, kila moja kwa zamu yake hufika karibu na ukingo wa pete, ikachomoa ulimi wa gesi. Sehemu ya ulimi huo inaangukia sahani ya ndani na kuijaza tena. Sehemu nyingine inarushwa nje, inagonga ukuta wa pete, na kuacha pale donge au wimbi. Kwa hiyo pete haikai laini. Ina makovu ya chakula ilichotoa. Mimi ninapotazama picha zile ndicho kinachonishika zaidi: nguvu iliyoifukuza gesi ndiyo hiyohiyo inayoirudisha ndani kwa mafungu.

Katika kundi hilohilo la Ng'ombe kuna nyota pacha nyingine, DQ Tau, ambazo zimekaribiana sana na mzunguko wake umevutika. Zinakutana kila baada ya siku 15.8, na mara nyingi zinapokutana huwaka zaidi, kwa sababu fungu la gesi limefika. Nyota zinazonyonya kwa ratiba. Na mwaka 2019 Felipe Alves na wenzake walichapisha picha ya ALMA ya pacha wachanga kuliko wote niliowataja, ndani ya wingu jeusi liitwalo Barnard 59. Pale nyuzi zinaonekana wazi: zimepindana na kuvukana kama ukili unaposukwa, zikitoka kwenye sahani kubwa ya nje na kuingia kwenye visahani viwili vidogo, kila nyota na chake.

Sasa turudi kwenye zile picha mbili, ya gesi na ya vumbi, kwa sababu hazifanani. Gesi ya GG Tau imetapakaa: iko kwenye pete, iko nje ya pete, iko kwenye uzi unaovuka. Vumbi la punje za ulezi limebanwa kwenye pete tu, ukanda mwembamba. Mtu wa pwani ataelewa sababu yake haraka. Gesi ina msukumo wake wa ndani unaoibeba kidogo, kwa hiyo huzunguka polepole kuliko punje ya vumbi ambayo ingependa kwenda kwa kasi yake kamili. Punje hiyo inajikuta kila siku inakwenda dhidi ya upepo wa omo. Jahazi likipigwa na upepo wa omo hupoteza mwendo, na punje inayopoteza mwendo huanza kudidimia kuelekea nyota. Hili ni janga la kweli katika hesabu za sayari, maana vumbi lingezama lote kabla halijashikamana na kuwa jiwe. Lakini ukingoni mwa pete, pale gesi ilipojazana, msukumo unageuka, upepo wa omo unatulia, na punje zinabaki hapo, zikisubiriana na kukusanyika. Pete ni ungo unaopepeta: gesi na unga mwembamba sana vinapita ndani kwenda kwa nyota, punje nzito zinabaki nje.

Hapa nina maoni yangu. Watu wengi husikia kwamba nyota mbili zinavuruga sahani, wakahitimisha kwamba sayari haziwezi kuzaliwa hapo. Nadhani wanakosea. Mvurugo uleule ndio uliojenga ukingo, na ukingo ndio uliozuia vumbi lisizame. Na tunajua kwa macho kwamba sayari za jua mbili zipo: mwaka 2011 chombo cha angani Kepler kiligundua Kepler-16b, sayari yenye ukubwa unaokaribia wa Zohali, inayozunguka nyota mbili kwa siku 229. Ungesimama kwenye anga lake ungetazama magharibi ukaona jua mbili zikitua. Iliundwa wapi hasa, pale ilipo au mbali zaidi kisha ikasogea ndani, ni mjadala unaoendelea, lakini ilitoka kwenye sahani ya namna hii.

Si sahani zote zinazolala sawasawa na mzunguko wa nyota zake. HD 98800, kundi la nyota nne lililo umbali wa miaka nuru kama 150, lina pacha ambao sahani yao imesimama wima. Nyota zinazunguka kama mawe ya kusagia, na sahani inawazunguka kama gurudumu la baiskeli, ikipita juu na chini yao. Grant Kennedy na wenzake walilithibitisha mwaka 2019. Kwa hesabu ni mkao tulivu kabisa, unaweza kudumu.

Sasa nikueleze pia mahali ambapo wanasayansi walidhani wamefika, kumbe bado. Iko nyota iitwayo HD 142527, umbali wa miaka nuru zaidi ya 500. Sahani yake ina kila ajabu: uwanja uliofagiwa wenye upana wa zaidi ya hatua 100, vumbi lililorundikana upande mmoja kama kwato la farasi, mikono iliyojipinda, na vivuli viwili vinavyoanguka juu ya pete. Mwaka 2012 mwenzi mdogo akaonekana karibu na nyota ile. Mwaka uliofuata Simon Casassus wa Chile na wenzake wakaonyesha gesi ikivuka uwanja. Mwaka 2018 Daniel Price na wenzake wakaweka mwenzi yule kwenye kompyuta, wakampa mzunguko mrefu uliovutika, na yote yakatokea yenyewe: uwanja, kwato, mikono, vivuli. Wengi, nami nikiwemo, tulisoma kazi ile tukaona kitendawili kimeteguliwa.

Kisha wapimaji wakaendelea kupima, mwaka baada ya mwaka, mwenzi yule akisogea kidogo kidogo. Mwaka 2024 mzunguko wake ukajulikana vizuri, na ni mdogo: hatua 11 hivi. Pacha walio karibu namna hiyo hawawezi kufagia uwanja wa hatua 100. Kwa hiyo kuna mkono mwingine ambao bado haujaonekana, labda sayari, labda kitu kilichopita zamani. Ile picha nzuri ya kompyuta ilipatana na kila kitu isipokuwa nyota yenyewe ilipo. Niliposoma matokeo hayo nilisikitika siku nzima, na kesho yake nikaanza kuyapenda, kwa sababu sasa uwanja ule umerudi kuwa na swali lililo hai.

GG Tau nayo ina kasoro ya aina hiyo. Kwa kanuni ya mara mbili hadi tatu, nyota zilizotengana hatua 35 zingefagia mpaka hatua 100 au kidogo zaidi. Pete inaanzia 180. Mwaka 2014, Emmanuel Di Folco na wenzake waligundua kwamba mmoja wa mafahali wetu ni wawili: nyota ndogo mbili zilizokumbatiana, zikitengana chini ya hatua 5. Na kusini mwa zizi kuna pacha wengine wawili walio mbali zaidi. Jumla ni nyota tano. Bado wataalamu wanabishana kama mzunguko wa zile za katikati umeinama kuliko unavyoonekana, au kama gesi ikipewa muda mrefu wa kutosha hurudi nyuma zaidi ya kanuni. Mimi naelemea jibu la pili, lakini miaka ya kuzipima ni michache mno kwa nyota zinazochukua zaidi ya karne kumaliza mzunguko mmoja.

Na ukutani mwa zizi kuna doa. Picha za 2014 zilionyesha sehemu ya pete, karibu na ukingo wake wa nje, hatua kama 250 kutoka katikati, ambapo gesi ina joto kuliko majirani zake. Mwaka 2020 mwanasayansi wa Vietnam, Nguyen Thi Phuong, na wenzake wakaeleza kwamba wameona mikono ya gesi iliyojipinda katika sahani ile ya nje, namna ambayo sayari changa ingeichora ikipita. Huenda kuna ndama anazaliwa pale, mzito kiasi cha kusukuma gesi inayomzunguka, akilelewa na jua tatu.

Kwa umbali ule, doa lile litachukua zaidi ya miaka 3,000 kuzunguka mara moja. Tangu 2014 halijasogea hata digrii mbili. Ondoa kidole chako sasa, msikilizaji, ubavuni mwa nyota nyekundu. Liko pale pale ulipokuwa umekiweka.